Silinda ya Tatu na Macho ya Mzee Abasi

Jumanne, 10 Juni 2025

Siku njema. Injekta nne za pikapu ya misheni, zile pua za kupulizia dizeli, zimefungwa kabla ya adhuhuri. Mzee Abasi alizisafisha na kuzipima kwenye mashine yake kule Mazimbu, nami nikazifuata jana jioni. Alizilaza kwenye sinia la bati juu ya kitambaa, kushoto namba moja, kulia namba nne. Ndivyo alivyonifundisha mwenyewe nilipokuwa msichana wa kumshikia tochi. Mafundi wengine wanaziandika namba kwa rangi ya kucha. Mimi siandiki! Sinia likikaa sawa kichwa kinakumbuka. Anayeandika anajishuku.

Na injekta hazifanani hata zikitoka kiwanda kimoja. Kila moja ina tabia yake, na tabia hiyo imechorwa juu ya kichwa chake, herufi na tarakimu ndogo sana. Kompyuta ya gari inazijua kwa maandishi hayo: wa kwanza huyu, wa pili huyu. Zikirudi kwenye nyumba zao zilezile hakuna cha kubadilisha. Leo zimerudi nyumbani, kwa hiyo sikuchomeka hata mashine ya kusomea kompyuta hiyo.

Benedikto, dereva wa misheni, alikaa kwenye benchi langu tangu asubuhi, anatafuna karanga na kunisumbua. Ukoo wao na wetu ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo ana ruhusa ya kunitukana mpaka siku nitakayozikwa. Na siku hiyo pia. Nimekwenda kunawa, nimerudi, sinia lina injekta mbili! Nyingine kazitia mfukoni. Anataka soda ya baridi na mihogo ya kukaanga, la sivyo misheni ikae bila gari. Nimegomboa. Utafanyaje? Mtani hanuniwi. Akazirudisha, akasema eti amewahamisha watoto wangu vyumba kwa sababu mmoja anakoroma. Nilicheka mpaka Twalibu, mwenzangu wa umeme, akatoka chini ya gari kuuliza kuna nini.

Pikapu imewaka. Inatetemeka kidogo — hewa kwenye dizeli. Nimemwambia Ben apande nayo tu, mlima utaimaliza hewa hiyo.

Jumatano, 2 Julai

Imerudi. Taa ya injini inawaka. Ikiunguruma pale pale ilipo kioo cha pembeni kinacheza, nyuma huoni kitu. Benedikto anasema juu ya Mgeta, kwenye zile kona za mwisho, ilikosa nguvu kabisa. Ilikuwa na wagonjwa wawili wanarudishwa kwao. Walishuka wakatembea kwenye ukungu, mmoja ana mshono.

Sista Bernadeta kaja mwenyewe, yule mkuu wa zahanati. Nimemwamkia, ameitika marahaba, kisha amekunja mikono akalitazama gari. Afadhali angefoka. Gari hilo ndilo linaloshusha akina mama wenye uchungu, likilala wanabebwa kwenye machela mpaka barabarani.

Nimechomeka mashine. Namba imetokea: P0269. Kwa lugha ya watu, silinda ya tatu haichangii sawa na wenzake. Kompyuta inapima mwendo wa injini kila silinda inaposukuma, na mvivu anaonekana. Zipo nne, zinasukuma kwa zamu, ya tatu inasukuma kinyonge.

Nimemwambia Sista anipe siku chache, atapanda nayo mwenyewe. Nilisahau hata kusema inshallah.

Alhamisi, 3 Julai

Siku nzima pikapu. Nimeipenda kazi hii, sisemi uongo. Kosa la namna hii linataka mtu mwenye subira na mwenye kiburi kidogo, na vyote ninavyo.

Kwanza kompresheni, nguvu ya kubana hewa ndani ya silinda. Nimefungua plagi za moto, nimepima moja baada ya nyingine. Zote nne zimelingana, vichwa na ringi ni vizima. Pili waya: Twalibu amefuata kila waya wa injekta kutoka kwenye soketi mpaka kwenye kompyuta, kasafisha, kapima. Hakuna kitu. Tatu, dizeli inayorudi. Kila injekta inarudisha mabaki kidogo, ikirudisha nyingi inavuja ndani. Nina chupa nne za maji zenye mipira ya dripu — niliiomba zahanati kwa Sista mwaka jana. Nimeunganisha, nimewasha, nimetazama zinavyojaa. Zimepanda pamoja. Nimeinama mpaka shingo imeuma nikitafuta tofauti. Ya tatu imezidi unywele. Labda.

Kisha nimesoma hesabu za kompyuta zenyewe, jinsi inavyojaribu kuzilinganisha. Ya tatu inaongezewa dizeli mpaka kikomo. Ya pili inapunguziwa, karibu kiasi kilekile. Ya kwanza na ya nne zimetulia.

Twalibu kachungulia begani. Anauliza, mbona hizi mbili ni kama zinadaiana? Nimemwambia abaki na waya zake.

Hitimisho: si injini, si waya, si uvujaji. Imebaki injekta yenyewe, inavyopuliza. Na nani aliyezipima? Mzee Abasi. Alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mwaka juzi, jicho la kushoto. Mashine yake ni ya zamani, majibu yanasomwa kwa macho kwenye mirija ya kioo, mstari mwembamba kwa mstari mwembamba.

Nasikitika. Lakini kazi ni kazi.

Ijumaa, 4 Julai

Nimekwenda Mazimbu baada ya swala. Mama Mwanahawa, mke wake, alinipakulia ubwabwa kabla hata sijaketi. Nikala. Heri nisingekula! Maana nilikuja na maneno yale mdomoni.

Nimemwamkia Mzee, nimemweleza vipimo vyote kwa mpangilio kama tulivyokuwa tukifanya zamani, yeye akiuliza, mimi nikijibu. Kompresheni? Sawa. Waya? Sawa. Marejeo ya dizeli? Sawa. Alikuwa anafurahi, naona. Anapenda nikifuata njia. Mwisho nikasema: kwa hiyo ni kipimo chako, Mwalimu.

Hakukasirika. Alisema, "Zitoe uniletee. Nizipime mbele yako."

Nikamjibu, "Ya nini, Mwalimu? Kuzipima tena kwa macho yaleyale?"

Limenitoka. Sikulipanga. Mama Mwanahawa alikuwa anaondoa sahani, akasimama. Mzee alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanzu, polepole sana, akaivaa, akatazama mashine yake pale pembeni ya ukumbi. "Sawa, mwanangu," akasema. "Wewe ndiye uliye na gari."

Nilikuwa na haki ya kusema ukweli. Alinifundisha hivyo hivyo, injini haina mkubwa wala mdogo. Ila ningesema kwa adabu zaidi.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Mji umelala, mimi nipo stendi Msamvu kupokea kifurushi cha Sista kutoka Dar. Injekta mpya, moja. Aliuliza kwa simu ni nani aliyeiharibu ile. Nimemtaja. Ningeficha vipi? Kasema pole kwa Mzee, ameifanyia kazi misheni miaka mingi, lakini kuanzia sasa injekta zao zitapimwa Dar.

Na maneno hayakai. Hatibu wa gereji ya jirani kasikia, kesho anafuata za kwake Mazimbu kabla hazijaguswa. Sikumwambia afanye hivyo. Sikumwambia asifanye.

Jumatano, 9 Julai

Nimeweza!

Ya tatu nimeitoa, mpya imeingia. Nimeandika maandishi ya kichwa chake kwenye kompyuta, nyumba namba tatu, herufi kwa herufi, Twalibu akinisomea. Nimefuta kosa, nimewasha. P0269 haipo! Ya tatu inasukuma kama mtu aliyeshiba. Kioo cha pembeni bado kinacheza kidogo sana, injini ni ya siku nyingi.

Injekta mbovu nimeitundika kwa waya kwenye msumari juu ya benchi. Twalibu kauliza ya nini. Nimesema ya kumbukumbu: fundi akifikia umri, apumzike. Alirudi kwenye waya zake. Twalibu hanijibu siku hizi, na mimi siulizi kwa nini.

Benedikto kapakia chumvi na madawa, kanitukana matusi mawili mapya, kaondoka. Leo nimerudi nyumbani natembea katikati ya barabara.

Jumamosi, 12 Julai

P0266.

Silinda ya PILI.

Siamini. Siku tatu tu! Taa imewaka tena, kutetemeka kumerudi. Safari hii hakukuwa na mgonjwa, alhamdulillah, ilikuwa kabichi na karoti za watu wa Nyandira. Sista hakuja. Katuma ujumbe: "Chausiku, nakuamini. Maliza."

Nimekaa kwenye tairi nikafikiri. Ikabaki njia moja tu: Mzee hakukosea moja, amekosea mbili. Ile ya tatu ilikuwa inapiga kelele zaidi, ya pili ikajificha nyuma yake. Sasa imebaki peke yake, inaonekana. Inaingia akilini vizuri kabisa.

Nimempigia. Ingekuwa heri nisingempigia, lakini nilitaka ajue kutoka kwangu na si kwa Hatibu. Akasema: "Moja ningesema bahati mbaya. Mbili ni macho." Akanishukuru kwa kumwambia. Akanishukuru!

Jumapili, 13 Julai

Mama Mwanahawa kaja nyumbani kwangu asubuhi. Hajawahi kuja bila kupiga simu. Hakukubali chai.

Mzee anaiuza mashine. Kuna mtu wa Turiani mwenye matrekta ya kwenye mashamba ya miwa, aliitaka tangu zamani, sasa Mzee kamwambia njoo. Anaichukua Jumatano. Mama anasema tangu Ijumaa ile Mzee hafungui ukumbi. Anakaa uani. Juzi kamwagia chai nje ya kikombe, akacheka, akasema: unaona? Wakati hata mimi humwaga, anasema Mama.

Nilitaka kusema, atapumzika, ni umri. Mama akatoa kitambaa kwenye mkoba. Ndani yake lensi ya Mzee, ile ndogo ya kubana jichoni, aliyosomea vichwa vya injekta tangu nikiwa na miaka kumi na minane. Kasema nipewe mimi, kwa kuwa sasa mimi ndiye ninayeona.

Ninafurahi kuwa nayo. Na ninaumia. Zote mbili kwa pamoja, kwa nguvu moja. Mama hakuniaga vizuri.

Jumatatu, 14 Julai

Sikugusa pikapu. Nimefunga klachi ya basi dogo. Kazi nzuri, haina fikra.

Sista kauliza aagize ya pili? Nimesema ngoja kidogo. Kwa nini nimesema ngoja? Sijui. Zile hesabu mbili zinanijia, ya tatu inaongezewa, ya pili inapunguziwa, kiasi kilekile. Injekta mbili mbovu zingekuwa mbovu kila moja kwa namna yake. Hizi zilikuwa mbovu kwa kupokezana.

Jumanne, 15 Julai

Niandike pole pole, kwa mpangilio.

Asubuhi Benedikto kaja kuangalia gari lake. Nilikuwa sina hamu ya maneno. Kanizunguka, kachukua spana yangu, kaificha nyuma, anasubiri nigomboe. Sikumwangalia. Akasema, "Mtani, vipi? Tangu siku ile nilipowahamisha watoto wako vyumba hujanicheka vizuri."

Nikamrushia tambara. Nikacheka hata, kwa mazoea. Kisha kicheko kikakatika katikati.

Daftari hili nalificha kwenye droo ya spana, chini kabisa. Nimelitoa mbele yake. Nimefungua tarehe 10 Juni. Nimelisoma mara tatu, maandishi yangu mwenyewe, na soda na mihogo yangu. Eti nilicheka mpaka Twalibu akatoka chini ya gari. Nilijiandikia kila kitu, mjinga mimi!

Nimemwambia Ben: utani tuweke pembeni. Ulichukua zipi? Akaona uso wangu, akaacha kutafuna. Kasema alichukua mbili za katikati. Alirudisha vipi? Kinyume. Alidhani ni sawa tu, zinafanana kama mapacha, yeye ni dereva. "Lakini nilikwambia, mtani. Nilikwambia siku ileile."

Kweli aliniambia. Angekuwa mtu mwingine yeyote aliyeniambia, ningesimama nikageuza sinia lote. Lakini ni mtani. Maneno ya mtani tangu utotoni tunafundishwa kuyacheka, ukiyachukulia kwa uzito wewe ndiye unayeonekana huna malezi. Nimekua nayacheka, na hili nalo nikalicheka.

Hapana. Nisimtupie Ben. Yeye alicheza. Sinia lilikuwa langu. Alama ya rangi, tone moja tu juu ya kila kichwa, ingetosha! Nani alikuwa hataki kuandika?

Nimepanda kwenye kiti, nimeitoa injekta "mbovu" kwenye msumari. Nimebana lensi ya Mzee jichoni. Maandishi yameonekana makubwa, safi. Twalibu kachomeka mashine, akasoma yaliyomo ndani ya kompyuta. Nyumba namba mbili: herufi kwa herufi, yaleyale. Injekta niliyoitundika kama kumbukumbu ya uzee wa Mzee Abasi ni namba mbili, na ilikuwa inafanya kazi ya namba tatu kwa maelekezo ya namba tatu. Na iliyomo kwenye silinda ya pili ni namba tatu. Mwezi mzima kompyuta inampa kila mmoja chakula cha mwenzake. Nilipoweka mpya kwenye ya tatu, ya tatu ikapona, ya pili ikabaki inalia peke yake. Mashine ilinionyesha tangu siku ya kwanza. Twalibu alinionyesha!

Nimezitoa, nimezirudisha kila moja kwake, nimeandika ya tatu upya kwenye kompyuta. Safari hii nimeazima rangi ya kucha kwa dada wa duka la vocha. Nyekundu. Tone moja, matone mawili, matone matatu, matone manne.

Imewaka mara moja. Nimeweka kikombe cha maji juu ya injini, maji hayakucheza hata ukingoni. Hesabu za kompyuta zote nne zimekaribia sifuri. Sijawahi kusikia injini ya umri ule inaunguruma hivyo. Ni kipimo cha mikono ya Mzee, na macho yake, na kilikuwa hivyohivyo tangu Juni.

Nilitamani kurukaruka na nilitamani ardhi inimeze.

Benedikto alirudisha spana yangu bila kugombolewa, jambo ambalo sijawahi kuliona. Kisha akasema kwa sauti ya chini: injekta mpya ipo, Sista hajui, gari imepona. Tuseme tu umeitengeneza. Mzee mwenyewe kachoka, kapata mnunuzi mzuri. Tukinyamaza nani ataumia?

Nilifikiri. Sitajidanganya humu ndani, nilifikiri. Nikimwambia Mzee, lazima nimwambie na Sista, na Sista atajua kanunua injekta bure, na Hatibu atajua, na kila fundi kati ya hapa na Kihonda atajua Chausiku hajui kupanga vitu vinne kwenye sinia. Nimejenga jina miaka minane. Mwanamke kwenye gereji hapewi kosa la pili.

Twalibu alikuwa anakunja waya zake. Ndiyo siku ya kwanza wiki hii aliyosema sentensi nzima. Kasema: "Mtu wa Turiani anakuja kesho, siyo?"

Jumatano, 16 Julai

Mazimbu. Saa kumi na dakika chache. Naandika ndani ya pikapu, mbele ya nyumba ya Mzee Abasi, injini inaunguruma.

Nimeanza na Sista. Asubuhi, kwa simu, kabla sijapata nafasi ya kujipangia. Nimesema ni mimi. Sikumtaja Ben. Kule mlimani nasikia kuku nyuma yake. Kasema: "Umemwambia Mzee?" Nikasema bado. Akakata simu.

Nimechelewa kwa sababu nilitaka kuja na gari, si na maneno. Na Ben alikuwa nayo sokoni. Nimeipata saa tisa. Nimefika, kenta ya mtu wa Turiani, lori dogo, imekwisha kuingia uani kinyumenyume, bodi limefunguliwa. Vijana wanne wana kamba. Mashine imetolewa ukumbini, imesimama barazani, imefunikwa blanketi. Blanketi la kitandani kwao, nalijua, lina maua.

Mzee alikuwa kakaa kwenye kigoda amewapa mgongo.

Sikuzima injini. Nilikaa tu na usukani mkononi. Niliona kichwa chake kinainuka, kisha kinageuka, siyo kwangu, kwa boneti. Akasimama. Akaja taratibu, akaweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho. Mtu wa Turiani alikuwa anasema kitu kuhusu giza na barabara ya Dumila. Mzee akamwinulia mkono mwingine.

"Zimelingana," akasema. Kisha, "Umefunga mpya zote nne?"

Nikasema hapana, Mwalimu. Nimesahau hata kumwamkia! Nikashuka, nikasema shikamoo. Akaitika marahaba, kiganja bado kiko palepale.

"Basi zipi?"

"Zilezile. Zako."

Kamwe sitasahau uso ule. Haukufurahi. Ulihesabu. Nilimwona anarudi nyuma hatua kwa hatua, kompresheni, waya, marejeo, kama tulivyofanya Ijumaa ile na ubwabwa wangu mdomoni. Akafika mwisho kabla yangu. Siku zote hufika kabla yangu.

"Nani alizipanga?" akauliza.

Hapo adhana ikaingia. Nilifungua mdomo, akanionyesha kiganja, kile kilichokuwa kwenye boneti, kina vumbi. "Niswali kwanza. Nikitoka utanijibu. Usiondoke."

Nisiondoke! Niende wapi?

Mtu wa Turiani kauliza kama vijana wapakie huku wakisubiri. Mama Mwanahawa kasimama mbele ya mashine yake yenye maua, kasema hakuna kinachopakiwa mwenye nyumba akiwa kwenye mswala. Wameketi ngazini. Mama hanitazami, lakini kaleta kiti cha plastiki kakiweka karibu na mlango wa gari. Sijakikalia, nimerudi kwenye usukani.

Jibu ninalo, nimelifanyia mazoezi tangu Msamvu. Lilianza na Benedikto na soda. Nimelikata hapo. Likaanza na daftari. Nimelikata. Sasa linaanza na "Mimi," na baada ya hapo sijui linavyoendelea, ila najua lazima lipitie yale maneno ya macho yaleyale, na lazima niyaseme mbele ya watu hawa wote wa kenta, na mbele ya Mama, maana niliyasema mbele yake. Naogopa. Siogopi kazi, kazi nimeimaliza na ni nzuri, yeyote aje asikilize. Naogopa atanisamehe haraka, kama alivyonishukuru kwenye simu.

Lensi ninayo kiganjani. Ina joto.

Ben kapiga mara mbili. Sijapokea.

Nasikia anatoa salamu, kulia, kushoto. Anavuta ndara. Mtu wa Turiani kasimama, anapangusa suruali. Mzee anatoka mlangoni, hamtazami yeye wala mashine. Miwani kaivua, anaifuta kwa ncha ya kanzu, anakuja huku. Injini sijaizima. Nataka aisikie wakati namwambia.